Ngitili Haina Mgeni Rasmi

Wadogo zangu mnaosomea malisho, kabla sijawaeleza jambo lolote la kazi hii, nawaomba msitamke mbele yangu maneno haya: "Hapa hakuna kitu, ni nyasi tu." Nimeyasikia ofisini, nimeyasikia sokoni Kahama, nimeyasikia kutoka kwa mchungaji aliyekuwa akitafuta kiwanja cha kanisa. Siku moja niliyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mwenye shahada ya pili ya mazingira, naye alikuwa amesimama katikati ya nyasi zilizomfika kiunoni. Alipunga mkono kulia na kushoto akiuliza mbona eneo lote lile limeachwa wazi. Nyasi zilikuwa zikimkwaruza viwiko wakati anauliza.

Nimestaafu mapema. Watu hucheka nikilitumia neno hilo, kwa kuwa sijafikisha miaka arobaini, lakini goti langu ndilo lililostaafu, nami nimelazimika kulifuata. Kiangazi kimoja gurudumu la mbele la pikipiki yangu liliingia kwenye ufa wa udongo mweusi, ule udongo wa mbuga ambao ukikauka hupasuka kama mkate uliosahaulika jikoni. Daktari alinikataza pikipiki moja kwa moja, na afisa malisho asiyepanda pikipiki upande huu wa nchi hana kazi. Sasa ninaishi Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, nafundisha wanafunzi biolojia ya ziada, na jioni napokea simu za vijana kama ninyi wanaouliza kama taaluma hii ina mustakabali. Mustakabali inao. Kinachokosekana ni watu wa kuinama.

Nasema kuinama kwa sababu ndilo somo la kwanza nililopewa na mkuu wangu wa mwanzo, Bi. Zuhura. Alikuwa mzaliwa wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka pwani, mwanamke wa sauti kubwa na subira ndogo. Siku yangu ya kwanza porini nilisimama wima, kitabu mkononi, nikiyasoma majina ya Kilatini kwa fahari ya mhitimu. Akaniacha nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi. Zuhura."

"Haya, piga magoti. Nyasi hazisomwi kwa utosi."

Nilipiga magoti kwa sketi mpya. Akalishika shina moja la nyasi, akashuka nalo kwa vidole mpaka ardhini, akanionesha kifundo kinene kilichojificha chini kabisa. "Mti una pa kukulia huku juu, kwenye ncha," alisema. "Ukiukata kichwa, unasononeka. Hawa wenzetu pa kuchipulia pao pako huku chini, mdomo wa ng'ombe haupafikii. Ng'ombe anakula, wao wanaota. Moto unapita, wao wanaota. Lakini ukija na jembe ukapageuza hapa, umewamaliza. Umeelewa, binti?"

Nilijibu kwamba nimeelewa. Akaniambia hakuna anayeelewa siku ya kwanza, niinuke nipanguse magoti.

Wadogo zangu, ikolojia yote ya nyika mtakayofundishwa kwa mihula mingi imejengwa juu ya kifundo kile. Nyika si msitu ulioshindwa kuwa msitu. Ni jamii kamili ya mimea iliyozoea kuliwa, kukanyagwa, kuungua na kukaa na kiu, na sehemu kubwa ya mwili wake iko chini ya udongo, mahali ambapo wakaguzi hawaangalii. Zipo nyasi za kudumu, zenye mizizi ya miaka mingi, na zipo za msimu, ambazo huota mvua ikinyesha, huzaa mbegu, hufa, na kiangazi hukuachia vumbi. Kwa mbali zote ni kijani. Mtu asiyeinama huziita zote malisho, kisha hushangaa ng'ombe wanapokonda.

Njia ya kuzitofautisha haihitaji maabara. Shika kichaka cha nyasi karibu na ardhi, ukivute polepole, kwa nguvu ile ambayo mama humvutia mtoto sikio bila kukusudia kumuumiza. Kikikatalia pale pale, mizizi ina afya. Kikija chote mkononi pamoja na mizizi yake, ama ni cha msimu, ama kimelishwa mno hata kimechoka, na hapo una kazi ya kufanya. Njia nyingine ni soksi. Vaeni soksi za sufu, hata mkichekwa. Mkitoka porini kaeni chini mchambue kilichonasa. Zile mbegu zenye mkia unaojisokota, zinazotoboa soksi hadi kwenye ngozi, zikiwa nyingi kuliko zote, fahamuni kwamba ng'ombe wamezikwepa kwa muda mrefu na wamemaliza zile tamu. Nilikuwa na mwenzangu aliyevaa sandali miaka yote aliyofanya kazi nami, kwa madai kwamba soksi zinamletea joto. Ripoti zake zilikuwa fupi sana.

Sasa niwapeleke kusini ya Kagongwa, kwenye kijiji nitakachokiita Mwamashindo, kwa maana kisa chake ndicho kinachonifanya niwaandikie nikiwa na hasira hivi.

Mnaotoka mikoa mingine huenda hamjui ngitili. Ni eneo la nyasi ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, mifugo yote ikatolewa, nyasi zikaachwa zikue, zizae, zikauke zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokomaa na kwingine kote kumebaki udongo, ngitili hufunguliwa kwa utaratibu: ndama, wagonjwa, na maksai wa kulimia ndio hutangulia. Ngitili ya Mwamashindo ilikuwa ya kijiji kizima, haina seng'enge hata kipande. Mpaka wake ulikuwa mafundo ya nyasi yaliyofungwa kwenye vichaka, na kila mtu, hata mtoto wa kuchunga mbuzi, aliyajua. Aliyeingiza mnyama, mkokoteni au jembe kabla ya kufunguliwa alitozwa dume la ng'ombe, likachinjwa hapo hapo na kuliwa na kijiji. Aliyekataa kulipa alitengwa: hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji.

Pembezoni mwa ngitili hiyo aliishi Mama Kulwa, mjane mwenye maksai wawili na watoto pacha waliokwisha kuwa watu wazima. Doto alikwishakwenda machimboni Geita. Kulwa alibaki, analima na maksai wale, shamba lao na la majirani, na alikuwa kiongozi wa vijana wa sungusungu, yaani walinzi wa kijiji. Mama Kulwa aliniambia waziwazi siku ya kwanza tulipofahamiana kwamba maksai wakifa kiangazi, Kulwa naye ataondoka. Hakulia aliposema hivyo. Alikuwa akipepeta mtama.

Doto alikuwa akipiga simu karibu kila Jumapili, na kwa kuwa Mama Kulwa hakupenda kubana simu sikioni, sote tulisikia.

"Mayu, uza hao ng'ombe! Tununue karasha ya kusagia mawe. Kulwa aje huku."

"Karasha inalima?" mama yake aliuliza.

"Inalima hela, Mayu. Kulwa! Uko hapo? Bado unalinda majani?"

"Nipo," Kulwa alijibu. "Wewe bado unaishi shimoni kama panya?"

"Panya mwenye pikipiki! Wewe una nini?"

Walicheka wote wawili, lakini niliona Kulwa akiitazama pikipiki yangu baada ya simu kukatwa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani pale Mwamashindo: maksai wawili, nyasi za kuwavusha kiangazi, na kijana mmoja. Sasa sikilizeni jinsi ofisi ilivyoyaona.

Zamani tulipima malisho kwa fremu ya waya. Unaitupa, inaangukia inapoangukia, unapiga magoti, unatambua kila kilichomo ndani. Ni kazi ya jua na mgongo. Baadaye ikaja picha ya setilaiti, nami sina ugomvi na setilaiti, kwa maana inaona mbali kuliko mimi. Ugomvi wangu ni na mtu anayeiangalia picha iliyopigwa kiangazi, akaona kijani mahali penye miti na kahawia mahali penye nyasi, kisha akaandika juu ya ile kahawia kwamba ardhi imeharibika. Ile kahawia ndiyo chakula chenyewe, kimekauka kikiwa kimesimama, kinangoja wenyewe. Ni sawa na kuingia ghalani, ukaona mpunga hauna rangi ya kijani, ukatangaza njaa.

Aliyeandika hivyo alikuwa mkuu wa idara yetu wakati huo, Bwana Mhina, mtu mwadilifu, mwenye kuwahi kazini, asiyetoka ofisini. Bi. Zuhura alikwishahamishwa. Bwana Mhina aliniita akanionesha ramani kwenye kompyuta.

"Pendo, hapa kusini ya Kagongwa pana nini?"

"Pana nyasi, mkuu."

"Yaani hapana kitu."

"Mkuu, nimesema pana nyasi."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nasema eneo ni tupu. Tumepata wafadhili."

Wafadhili walikuwa kampuni moja ya dhahabu. Miti mingi ilikuwa imekatwa upande wa machimbo kwa ajili ya matimba, zile nguzo za kushikilia kuta za mashimo zisiporomoke, na kampuni ilitaka kurudisha miti. Nia njema kabisa. Ila ile miti iliyokatwa msituni, walitaka kuirudisha kwenye nyasi, kilomita nyingi kutoka pale ilipokatwa, kwa sababu kule misitu ina vilima na barabara mbaya, na huku kwetu lori linafika kwa urahisi.

Nilimweleza Bwana Mhina kwamba mikaratusi waliyokusudia kupanda haitafurahia udongo mweusi unaopasuka na kukata mizizi. Kwamba ikifa tutakuwa tumevunja nyasi bure, na ikipona itakunywa maji na kutia kivuli mpaka nyasi zife. Kwamba kila shimo ni kidonda kitakachoota magugu ya msimu. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, kwa mshangao wa dhati, "Pendo, wewe unapinga miti?"

Jiandaeni kwa swali hilo. Mtaulizwa maisha yenu yote. Hakuna atakayewauliza kama mnapinga nyasi.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mwenyekiti, Mzee Masanja, alifungua kwa kueleza kwamba wageni wataleta miche, fulana, kofia, chakula cha mchana, na, Mungu akipenda, kisima kirefu cha maji. Alipotaja kisima, kina mama waliokuwa wamekaa nyuma walisogea mbele. Lazima niwe mkweli hapa: kisima kilikuwa hoja. Walikuwa wakienda mbali kuchota maji, nami sikuwa na kisima mfukoni. Nilikuwa na maelezo ya mizizi.

Niliyatoa maelezo hayo. Mtu mmoja akasinzia. Mwingine akauliza fulana zitakuwa na mikono mirefu au mifupi.

Mama Kulwa alisimama. "Mwenyekiti, mwangaluka."

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Kiangazi ng'ombe wangu watakula nini?"

"Tutapata kisima, Mama Kulwa."

"Maji nimesikia. Nauliza chakula. Au nitawalisha kofia?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Masanja hakupenda. "Wewe mama una ng'ombe wawili tu, unataka kutuzuilia maendeleo?"

"Na wewe una wangapi wa kulimia? Si wawili kama mimi?"

Walibishana mpaka jua likahama. Mwishowe wakaafikiana nusu nusu, kama mikutano yetu ifanyavyo: wageni wapewe kipande cha ngitili kilicho karibu na barabara, sehemu nyingine yote ibaki imefungwa kama kawaida. Nilirudi ofisini nikamweleza Bwana Mhina neno kwa neno. Akasema vizuri, tuanze na kipande, kwani ramani ilikuwa imeitenga ngitili nzima na wanakijiji wataelewa polepole. Nilimwambia wanaelewa sasa hivi. Akaniambia niache ukaidi.

Vijana wa kibarua wakachimba mashimo kwenye kipande cha barabarani. Niliyapitia nikaona vifundo vya nyasi za kudumu vimepinduliwa, mizizi juu, vinakauka juani. Sikuwa na la kufanya, maana kijiji kilikuwa kimeridhia.

Siku ya sherehe mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na ngitili ilikuwa katika urembo wake wote. Mgeni rasmi, mkurugenzi mmoja wa kampuni ile, alifika na msafara wa magari na malori mawili, moja la miche na jingine la mahema na viti. Barabarani palikuwa na matope. Dereva wa mbele akaona, upande wa pili wa mashimo, uwanja mpana wa kijani usio na nyumba, usio na mahindi, usio na uzio. Alifanya ambacho dereva yeyote wa mjini angefanya. Aliingia. Wote wakamfuata. Malori yakazama kidogo, yakakwamuka kwa kuchimba mifereji miwili mirefu, na vijana wakaanza kushusha mahema juu ya nyasi zilizofungwa.

Hapo ikapigwa mwano. Hiyo ni sauti ya hatari ya Wasukuma, inayopokewa boma kwa boma, na akiisikia hata mtu aliye msalani hutoka na fimbo. Watu walikuja kutoka kila upande, wanaume kwa wanawake, wakipiga yowe. Mgeni rasmi alishuka garini, akatazama umati ule unaokimbia kumwelekea, akatabasamu kwa furaha na kuwapungia mikono yote miwili. Bwana Mhina naye, kwa kuwa mkubwa wake anapunga, akapunga.

Waliacha kupunga Kulwa alipochomoa ufunguo wa gari la mbele.

"Kijana!" Bwana Mhina alifoka. "Unajua huyu ni nani? Huyu ni mgeni rasmi!"

"Shikamoo, baba," Kulwa alimwambia kwanza mgeni, kwa heshima kamili. Kisha akamgeukia Bwana Mhina. "Ngitili haina mgeni rasmi. Aliyeingia ameingia. Ni dume moja."

"Dume gani?"

"La ng'ombe. La kuchinja. Tulimtoza hata katekista, wakati mkokoteni wake ulipopotea njia."

"Na alilipa!" mtu akapiga kelele nyuma. "Tena lilinona!"

Bwana Mhina alinigeukia mimi, uso umemwiva. "Pendo! Waambie watu wako!"

Sikujua ni lini walikuwa watu wangu, lakini mgeni alikuwa ameshaanza kuniuliza yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole, ameshika kofia mkononi. "Dada, nimekosa nini? Hapa ni shamba la nani?"

"La ng'ombe, mzee," nilimjibu. "Umeegesha juu ya chakula chao cha kiangazi."

"Chakula kipi? Mbona naona majani?"

Hapo uvumilivu uliniishia, nikamwambia kitu ambacho afisa wa ngazi yangu hamwambii mkurugenzi. Nilimwambia achuchumae. Alichuchumaa, suruali ikimbana. Nilimshika mkono nikaushusha mpaka kwenye kifundo, nikamweleza mambo yale yale ya Bi. Zuhura, kwa hasira ile ile ya Bi. Zuhura. Nilimwonesha kilichopondwa na tairi na kilichopinduliwa na jembe. Nilimuuliza kama yangekuwa mahindi angeegesha.

"Hapana," alisema. "Ningezunguka."

"Basi, mzee, haya ndiyo mahindi ya ng'ombe."

Alilizungusha lile shina la nyasi vidoleni. Kisha akauliza dume linapatikana wapi.

Macho ya watu wote yakaenda kwa Mama Kulwa, kwa sababu maksai wake walikuwa wamefungwa karibu kuliko wa mtu mwingine. Msaidizi wa mgeni alimtajia bei ambayo kwa kawaida hutajwa Kahama kwa ng'ombe wa aina nyingine kabisa. Simu ya Mama Kulwa ililia papo hapo. Machimboni habari hufika haraka kuliko mvua. "Mayu, uza! Uza mmoja, Mayu! Bei hiyo hutaipata tena!"

Mama Kulwa akamwambia Doto amsalimie mkewe, akaizima simu. "Siuzi," akamwambia yule msaidizi.

"Mama, ongeza wewe bei unayotaka."

"Mwanangu, ng'ombe mmoja halimi. Utanivutia jembe wewe?"

Aliyeuza ni Mzee Masanja. Aliwahi mbele ya watu wote, mwenyekiti mzima, akamleta mmoja wa maksai wake wawili akimvuta kwa kamba, akitembea upesi kabla hajatokea muuzaji mwingine. Ng'ombe akachinjwa, akaliwa, na wageni wakala pamoja nasi, tena mgeni rasmi aliomba kuongezewa mchuzi. Miche ikapandwa kwenye mashimo yale ya barabarani, kwa kuwa yalikwishachimbwa na wapiga picha walikwishafika. Ila mgeni alimwambia Bwana Mhina, nami nikisikia, kwamba kampuni haitapanda hata mche mmoja zaidi ndani ya ngitili. Iliyobaki ipelekwe vilimani, kule miti ilikokatwa.

Mtadhani nilirudi nyumbani nikiwa shujaa. Bwana Mhina alinitaka nijieleze, nikajieleza, akasema maelezo hayatoshi. Kisima hakikuja. Kampuni ilikipeleka kijiji kingine ambako hakuna aliyechukua ufunguo wa gari la mtu. Baadhi ya kina mama wa Mwamashindo waliniita Mama Nyasi, na kwa muda mrefu hawakuliita kwa upendo. Mmoja aliniwekea ndoo tupu miguuni mbele ya wenzake, akaniambia, "Haya mtaalamu, kamua nyasi zako." Niliinama nikaiokota ndoo, nikamrudishia. Nikiwaambia kwamba kazi hii itawapa shukrani nitakuwa nimewadanganya.

Kiangazi kilikuja kikali. Miche ilianza kufa udongo ulipoanza kupasuka. Mingine mchwa waliimaliza, mingine mbuzi. Kipande cha barabarani kiliota magugu ya msimu, yakanyauka mapema, upepo ukabeba vumbi lake mpaka kwenye nyumba za watu. Ofisini ripoti ilisomeka kwamba eneo lililokuwa tupu limerejeshewa uoto. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kunywa chai.

Lakini sehemu kubwa ya ngitili, ile ya ndani, ilikuwa imesimama, kahawia, kavu, imejaa chakula. Ilifunguliwa kwa utaratibu wake. Maksai wa Mama Kulwa waliingia wakiwa mbavu zinaonekana, wakatoka mwisho wa kiangazi mbavu zinaonekana bado, lakini wanatembea, wanavuta. Vijana kadhaa walikwenda Geita msimu ule. Kulwa alikuwa ameshafunga begi, mama yake aliniambia baadaye. Mvua ya kwanza iliponyesha alilifungua akatoa shati la kazi.

Na Mzee Masanja? Alikuwa na ng'ombe mmoja. Fedha za yule mwingine zilikwishageuka mabati, na mvua haijui kusubiri mtu atafute ng'ombe wa pili wa kufunga nira. Nilikuwa pale kwa Mama Kulwa asubuhi aliyokuja. Alisimama nje ya boma, kofia mkononi, na kofia yenyewe ilikuwa ile ya wafadhili.

"Mama Kulwa, mwangaluka."

"Mwangaluka, mwenyekiti."

"Mvua imenyesha."

"Nimeona."

"Nilikuwa nasema, Kulwa akipata nafasi, anilimie hata kile kipande kidogo. Tusahau yaliyopita."

Mama Kulwa hakuacha kazi aliyokuwa akiifanya. "Atakulimia. Fukia mashimo kwanza."

"Mashimo gani?"

"Ya barabarani. Ufukie, upande ukoka. Nyasi zitambae zirudi. Ukimaliza, Kulwa anakuja na maksai."

"Mama Kulwa, mimi ni mwenyekiti wa kijiji!"

"Ndiyo maana sijakwambia ufanye peke yako. Ita wenzako mliokula kofia."

Mzee Masanja alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule mama kusema hivyo. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila raha. Siku zile za mvua za mwanzo zilimkuta na wanaume wengine wa kamati wakiwa kwenye kile kipande, wanarudisha udongo mashimoni na kuchomeka vipande vya ukoka vilivyong'olewa kwa mkono kutoka ukingoni, kifundo chini, jani juu. Niliwafundisha mimi. Walilalamika sana. Walichomeka vingine kichwa chini, nikavitoa, wakavichomeka upya, nikavitoa tena. Ng'ambo ya pili Kulwa alikuwa akilima shamba la mama yake, akiwaita maksai kwa majina, nasi tulimsikia kila anapogeuza jembe.

Mzee Masanja alinyooka, mkono kiunoni, jasho na matope vimemchanganyikia usoni. "Mama Nyasi," aliniita, "niambie ukweli wa kitaalamu. Haya majani yataota kweli?"

Nikamwambia yataota, mradi auondoe mguu aliokuwa ameyakanyagia.